Akina Klaudio na Akina Semkuya

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa chaki, nilikabidhiwa Warumi. Niliteremka Korogwe kutoka kwetu Mombo nikiwa na sanduku la bati na viatu vinavyonibana, nikatembea hadi shule ya wasichana ya misheni, nikabisha hodi ofisini kwa Mkuu wa Shule. Alikuwa mama wa Kiingereza, mrefu, mwembamba, mwenye kuzungumza Kiswahili cha Biblia kwa kuwa hakuwa amejifunza kingine. Habari za safari hakuziuliza. Alisema, "Mwalimu Foibe, karibu. Mwalimu wa historia amekwisha kurejea kwao. Nawe utawafundisha kidato cha pili habari za Rumi ya kale, ukianzia na jamaa ya Klaudio."

Nikaitika. Chuoni nilikuwa nimeandaliwa kufundisha hesabu na jiografia. Rumi niliyoijua mimi ilikuwa ile ya Pontio Pilato na ya safari za Paulo, basi.

Ninyi walimu vijana huja kwangu kuniuliza kazi yetu ilikuwaje, na kabla sijafungua kinywa mnajijibu wenyewe kwamba zamani ilikuwa rahisi, wanafunzi walikuwa na adabu na mwalimu alikuwa mtu. Jamani. Ilikuwa kazi ya kuudhi. Niliudhika tangu asubuhi ile hadi siku waliponiaga kwa soda na khanga. Niliipenda, ndiyo, lakini kupenda hakuzuii kuudhika. Waliooa na walioolewa wanajua.

Kwanza kulikuwa na utaratibu. Muhtasari wa somo ulitoka ng'ambo, ukitaja nini kifundishwe. Kutokana na muhtasari mwalimu alitengeneza azimio la kazi, yaani aligawa mada zote kwa majuma ya muhula. Kutokana na azimio aliandika andalio la somo la kila kipindi: utangulizi, maarifa mapya, zoezi, hitimisho. Mkuu wa Shule aliyapitia maandalio yetu kila Ijumaa kwa wino mwekundu. Kama uliandika kwamba wasichana watajibu maswali, aliuliza pembeni: maswali yapi? Ukiandika maswali, aliuliza: na wasipojibu? Nilikuwa nikirudi chumbani nikiwa nimekunja uso kama mtu aliyekula ndimu.

Kisha kulikuwa na hao akina Klaudio wenyewe. Mwanamume wa Rumi wa ukoo mkubwa alikuwa na majina matatu. La kwanza lilikuwa la kuitwa na ndugu na rafiki, la pili lilikuwa la ukoo, na la tatu lilikuwa la tawi la ukoo, ambalo mara nyingi lilianza kama jina la utani: Kipofu, au Mzuri wa sura. Hadi hapo hakuna neno. Hata sisi Wasambaa na jirani zetu Wazigua tuna majina ya ukoo na ya utani. Shida ni kwamba Warumi walikuwa wachoyo wa majina ya kwanza. Walikuwa nayo machache, na akina Klaudio walilipenda mno moja, Apio. Basi Apio Klaudio alimzaa Apio Klaudio, ambaye naye, badala ya kuwaonea huruma walimu wa Korogwe, alimzaa Apio Klaudio. Wanawake ndio kabisa. Binti wa ukoo huo aliitwa Klaudia. Dada yake naye Klaudia. Shangazi, Klaudia. Msichana mmoja aliniuliza walikuwa wakijuaje nani ameitwa kupika, nikamwambia akae chini, kwa sababu hata mimi sikujua.

Niliwachagua wanne, nikawaandika ubaoni na alama zao. Wa kwanza alikuwa Apio Klaudio Kipofu. Huyo alijenga barabara kuu iliyoitwa kwa jina lake, na wasichana walishtuka nilipowaonyesha katika Matendo ya Mitume kwamba ndugu walikuja kumlaki Paulo mpaka Soko la Apio, lililokuwa kando ya barabara hiyohiyo. Ndiye pia aliyeuletea mji wa Rumi maji kwa mfereji, wa kwanza kufanya hivyo. Alipozeeka alipofuka. Wa pili alikuwa mwanawe, Publio Klaudio, jemadari wa merikebu. Warumi walikuwa na desturi ya kuwapa chakula kuku watakatifu kabla ya vita. Wakila, ni heri, wakikataa, usipigane. Siku ya Publio kuku walikataa. Yeye akasema, kama hawataki kula, na wanywe, akaamuru watoswe baharini. Akapigana, akapoteza merikebu zake nyingi. Wa tatu alikuwa mwanamke, Klaudia. Watu walimsema vibaya kwa sababu ya mavazi na maneno yake, lakini meli iliyobeba sanamu takatifu ilipokwama mtoni, na wanaume wameshindwa, yeye aliomba dua mbele ya mji mzima, akashika kamba, ikasogea. Wa nne alikuwa Kaisari Klaudio, yule aliyewafukuza Wayahudi Rumi, aliyekuwa akichechemea na kudharauliwa na nduguze mpaka walipomkuta yuko katika kiti cha enzi.

Nilidhani nimeeleza vizuri. Katika mtihani wa muhula msichana mmoja, tena mwenye akili, aliandika: "Apio Klaudio alijenga barabara, akapofuka, akawatosa kuku, akapoteza merikebu, akavuta meli kwa kamba, na mwishowe akawa Kaisari. Alikuwa mtu mwenye bidii." Nilipomwambia kwamba amewaunganisha watu wanne, mmoja wao mwanamke, alinitazama kwa mshangao wa kweli akasema, "Lakini Mwalimu, si wote akina Klaudio?"

Sikumpa alama. Nilimpa jibu ambalo nimelirudia maisha yangu yote mpaka linanichosha: jina la ukoo ni mlango tu. Lazima uingie uone nani yuko ndani.

Uhuru ulipokuja tuliimba, tukalia, tukapandisha bendera, na Mkuu wa Shule yule akafunga mizigo yake. Sikutegemea kuona pengo lake, nami nililiona. Aliyekuja baada yake alikuwa Mtanzania, kijana, mwenye suti ya kola fupi na imani kubwa. Baada ya miaka michache Azimio la ujamaa likatangazwa, na shule zikaambiwa elimu iwe ya kujitegemea. Hilo mimi nililiunga mkono, na hadi leo naliunga mkono. Tulilima mahindi, tukafuga kuku, na wasichana waliokuwa wakiogopa jembe walijifunza kulishika. Lakini Mkuu mpya aliniita ofisini, akaniomba nimweleze Warumi watatusaidia nini katika kulima.

Nikamwambia habari za Apio Kipofu, maji na barabara. Akasikiliza kwa heshima, akasema, "Basi, Mwalimu Foibe, fundisha maji na barabara. Mrumi mwache."

"Mkuu, watu ndio wanaoleta maji. Nikimwacha mtu, nafundisha bomba."

Akatabasamu. Siku chache baadaye nikasikia kwamba nimependekezwa kuhamishiwa Handeni, kwenye elimu ya watu wazima, kwa kuwa nina moyo wa kuhudumia wananchi. Hivyo ndivyo wakubwa walivyokuwa wakimwondoa mtu: walimsifu hadi mlangoni.

Cheo changu Handeni kilikuwa Mratibu wa Kisomo katika tarafa. Kisomo ndiyo madarasa ya watu wazima ya kujifunza kusoma na kuandika. Nilikuwa na baiskeli ya kiume, na wilaya ya Handeni ina vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Kituo kimoja kilikuwa Mkata, kingine kilikuwa katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kwedizinga, na hicho ndicho ninachotaka kuwasimulia.

Watu wa kijiji kile walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani kwao, wengi wao Wazigua Waislamu ambao babu zao walizikwa mbali na pale. Walijengewa safu za nyumba zilizonyooka kama mistari ya daftari. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa maji. Wanawake waliamka mapema, wakaenda mbali, wakarudi na madumu, wakaingia shamba la kijiji, halafu alasiri wakaja darasani kwangu. Wakikaa tu, usingizi. Na kitabu cha kisomo kilichoidhinishwa kilihusu nini? Kilimo bora cha mahindi. Mtu ametoka kupalilia mahindi, nampa asome "Mahindi yapaliliwe mapema." Niliomba kitabu kingine kwa Afisa Elimu wa Wilaya, nikaletewa cha pamba.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa mjane wa makamo, Mwanaidi binti Semkuya. Alikuwa amerudi kwa nduguze baada ya kufiwa na mume, na alisoma kwa sauti ya kugombana, kana kwamba kila herufi imemdhulumu. Kaka yake ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Kijiji. Kaka mwingine alikuwa karani wa ghala, na binamu yao alikuwa msimamizi wa kazi za pamoja. Ukitaka kitu kijijini, ulienda kwa Semkuya. Ukitaka kumlalamikia Semkuya, ulienda kwa Semkuya.

Ni Mwanaidi aliyefunga kitabu cha pamba alasiri moja akasema, "Mwalimu, leo tusimulie kitu. Chochote kisichopaliliwa."

Nikawasimulia akina Klaudio. Nilitaka wakae macho, basi. Kuku walipotoswa baharini walicheka hadi mzee mmoja akakohoa. Apio Kipofu aliyeleta maji mjini walimtaka nimrudie. Klaudia na kamba yake waliwanyamazisha wanawake wote, na yule mzee alisema kwamba wale walikuwa makafiri, lakini mwanamke huyo alikuwa na moyo. Wakaenda nyumbani wakirudia, "Kama hawataki kula, na wanywe." Nikapanda baiskeli nikiwa nimeridhika. Kosa la mwalimu ni kuridhika.

Jambo ambalo sikulijua, kwa kuwa juma lililotangulia nilikuwa Mkata, ni kwamba kijiji kilikuwa kimefanya mkutano kuhusu maji. Wilaya ilikubali lichimbwe lambo, yaani bwawa la kukinga maji ya mvua. Bwana Maji, mtaalamu aliyetumwa kutoka Korogwe, alipima akasema wachimbe kisima kule bondeni, ambako wafugaji walikuwa wakifukua vishimo vya kunyweshea ng'ombe wakati wa kiangazi, kwa sababu ardhi ya juu ina mchanga na haitashika maji. Wanawake wakasema hivyohivyo. Wafugaji walisema hivyohivyo. Mwenyekiti Semkuya alitaka lambo liwe juu, kando ya barabara, ambapo mgeni yeyote akipita ataliona. Bwana Maji aliporudia kwamba ardhi ile haitaki kushika maji, Mwenyekiti alimjibu mbele ya mkutano, "Kama haitaki, tutaifundisha."

Sasa nendeni mkafikirie mtu huyo anapita nyumba za wananchi wake, na kila nyumba watu wanacheka wakisema, kama hawataki kula, na wanywe, na kwamba hayo yametoka kwa mwalimu aliyesimulia habari za ukoo mmoja wenye kiburi.

Niliitwa Handeni mjini kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye enzi hizo tulimwita Eria Kamishna. Shtaka lilikuwa uchochezi. Msicheke. Watu walikuwa wakipoteza kazi kwa neno hilo, na mimi nilikuwa na mama mgonjwa Mombo aliyenitegemea. Afisa Elimu wa Wilaya alikaa pembeni akitazama kucha zake. Mwenyekiti alikaa mbele, amevaa kanzu safi, ameweka kofia magotini.

"Mwalimu," alianza Mkuu wa Wilaya, "huyu Klaudio anakaa kijiji gani?"

"Amekufa, Mheshimiwa."

"Lini?"

"Kabla ya kuzaliwa Bwana Yesu. Alikuwa Mrumi."

Mwenyekiti alitikisa kichwa polepole, akasema kwamba kijijini kwake hakuna anayemjua Mrumi, ila wote wanamjua yeye.

Mkuu wa Wilaya aliniamuru nirudie hadithi nzima. Fikirieni kusimulia jambo la kuchekesha huku kazi yako iko mezani. Nilipofika kwenye kuku alianza kucheka, akamwona Mwenyekiti hacheki, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Nikaeleza majina matatu ya Warumi, tawi na ukoo. Nikaeleza kwamba mada hiyo niliikuta kwenye muhtasari wa misheni miaka mingi kabla sijasikia jina la Semkuya. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mjanja. Afisa Elimu, ambaye angeweza kusema neno moja tu, kwamba historia ya Rumi ipo na sikuitunga mimi, alihamia kucha za mkono wa pili.

Hapo ndipo Mwanaidi alipoingia. Alikuwa amepata nafasi juu ya lori la mahindi, na vumbi lilikuwa limemgeuza rangi. Alimwamkia Mkuu wa Wilaya shikamoo, akamwamkia kaka yake, akabaki amesimama.

"Mheshimiwa, mimi ni Mwanaidi binti Semkuya. Huyu Mwenyekiti ni kaka yangu, baba mmoja, mama mmoja. Kama mwalimu ametukana akina Semkuya, basi nimetukanwa na mimi. Na mimi nilikuwepo."

"Alisema nini juu ya ukoo huo?"

"Alisema ukoo mmoja ulimtoa mtu aliyetosa kuku, na huohuo ukamtoa aliyeleta maji. Nikaona kumbe jina halina kosa. Kila mtu ana yake." Kisha akamgeukia kaka yake, akashusha sauti. "Kaka, hatukucheki. Tuna kiu. Chimba lambo lako huko juu, ila turuhusu sisi wanawake tuchimbe bondeni."

Mwenyekiti alitazama kofia yake. Mkuu wa Wilaya aliona upenyo akapita. Alitangaza kwamba mambo ya ukoo yakamalizwe nyumbani, kwamba wanawake wanaruhusiwa kuchimba kwa kujitolea nje ya saa za kazi za pamoja, na kwamba Bwana Maji awasaidie. Kuhusu mimi, nibaki kazini, lakini nisisimulie tena historia ya nchi yoyote ambayo raia wake hawawezi kufika kujitetea. Aliyasema hayo kwa uso mkavu kabisa. Afisa Elimu akayaandika.

Basi kijiji kikawa kinachimba mashimo mawili. Wanaume walichimba lambo juu, kwa amri. Wanawake walichimba kisima bondeni, wakiwa wamechoka tayari. Mwanaidi alizungumza na mzee wa wafugaji, wakaelewana kwamba ng'ombe watakuwa na birika lao upande wa chini na hawatakaribia mdomo wa kisima. Bwana Maji aliwafundisha kupima unyoofu kwa timazi, yaani jiwe lililofungwa kwenye kamba, na kujengea mawe ndani kadiri wanavyoshuka ili kuta zisiporomoke. Lakini mawe yalitoka mbali, na punda wa kijiji walikuwa kwenye lambo. Kwa hiyo kuna siku walishuka bila mawe ya kutosha.

Siku hiyo nilikuwa njiani kwenda darasani. Nilisikia mayowe ya wanawake, nikatupa baiskeli. Upande mmoja wa shimo ulikuwa umeporomoka na Mwanaidi alikuwa chini, udongo umemfika kifuani, na juu yake ukuta uliobaki ulikuwa ukidondosha mabonge. Wenzake walikuwa wakimwita, yeye akiwajibu kwa sauti fupi fupi kwa sababu hakuwa na pumzi. Nilijua kuandika ubaoni. Pale sikujua kufanya lolote isipokuwa kulia na kushika kamba.

Wanaume walikuja wakikimbia kutoka kwenye lambo, na aliyetangulia alikuwa Mwenyekiti. Hakusimama ukingoni kutoa amri. Alishuka. Bwana Maji alimpigia kelele asishuke, ukuta haujatulia, naye hata hakugeuka. Alifukua kwa mikono, kwa kuwa jembe lingemkata dadake, akiutupia udongo juu ya mabega yake mwenyewe, huku akisema maneno ya Kizigua ambayo mama humwambia mtoto anayeumwa. Walipomtoa, mguu wake ulikuwa umevunjika. Yeye Mwenyekiti kucha zake zilikuwa zinatoka damu. Alipanda juu, akamtazama msimamizi wa kazi za pamoja, yule binamu yake, akasema, "Leteni mawe. Leteni punda wote."

Kesho yake wanaume walianza kujenga kisima. Sikusikia kwamba Mwenyekiti alitangaza kubadilisha mawazo. Lambo nalo lilimaliziwa. Lakini kisima kilijengwa kwa mawe hadi mdomoni, na maji yakapatikana, matamu, wakati Mwanaidi bado amelala na mbao mguuni.

Mvua zikaja. Lambo lilijaa hadi likapendeza, kweli lilipendeza, na baada ya siku si nyingi likabaki tope. Nilipita barabarani nikamkuta Mwenyekiti amesimama pale peke yake, ameshika viatu mkononi. Nilimwamkia nikataka kupita. Akanisimamisha.

"Mwalimu, yule mtu wako wa kuku. Baadaye walimfanya nini?"

Nilisitasita, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa na Serikali. Nikamwambia, "Walimshtaki, wakamtoza faini."

"Na ukoo wake?"

"Ukoo uliendelea, Mzee. Ulitoa watu wengine wengi."

Akaitika kwa koo, akavaa viatu, akaenda zake. Nilikuwa na hasira nyingi moyoni juu ya mtu yule, na siku ile nilishindwa kuzipata. Hilo nalo liliniudhi.

Lakini siku ya kufungua kisima hasira zilirudi. Mgeni rasmi alitoka wilayani, ngoma zikapigwa, Mwenyekiti akahutubia kirefu juu ya uongozi imara. Mwanaidi alikaa kwenye kigoda nyuma ya akina mama, mkongojo wake mapajani. Jina lake halikutajwa. Nilimwangalia nikitegemea kumwona amenuna, nikamkuta anamhesabia mtoto wa jirani ndoo zilizopangwa.

Wanawake wenyewe walipaita mahali pale Kwa Binti Semkuya. Kwetu huku mahali huitwa kwa mtu, ndiyo maana mnasafiri Handeni nzima mkipita Kwa huyu na Kwa yule. Nilifurahi, nikaona haki imepata njia yake. Sikuhesabu uvivu wa ulimi. Miaka ilipita, vijiji vikapangwa upya, nami nikahamishwa: Mkata, kisha Korogwe tena, safari hii kama Mratibu wa Elimu, nikiwakagua walimu vijana kwa wino mwekundu na kuwauliza pembeni, maswali yapi? Nikastaafu. Nikarudi Mombo, nikaanza kulea wajukuu na mipapai.

Juzi juzi shule ya msingi ya upande ule wa Kwedizinga ilinialika kuzungumza na watoto siku ya mahafali. Basi liliponishusha niliona kibao cha bati kando ya barabara, kimeandikwa kwa rangi nyeupe, neno moja: KWASEMKUYA. Neno Binti lilikuwa limeanguka njiani. Mwalimu wa historia, kijana msafi mwenye tai, alinipokea kwa shikamoo nzuri, akanieleza bila kuulizwa kwamba kijiji kimepewa jina la Mwenyekiti Semkuya, mwasisi, aliyechimba kisima cha kwanza kwa mikono yake.

Nilimuuliza Semkuya yupi. Akasema, kwa upole wa mtu anayeongea na kikongwe, kwamba Semkuya ni Semkuya. Na kibaya zaidi, hakuwa mwongo. Ni kweli Mwenyekiti alichimba pale kwa mikono yake, nilimwona. Ila alichimba kumtoa mtu, na mtu huyo ndiye aliyechimba kisima. Nikaanza kumweleza pale pale barabarani, mabegi yangu chini, mpaka mwalimu mkuu akaja kutuokoa.

Baada ya mahafali nilikwenda kumwona Mwanaidi. Bado yupo, mzee sana, mguu umepinda, bado anasoma kwa sauti ya kugombana. Kaka yake alikwisha kufa. Anamwombea dua kila Ijumaa na anamsifu kuliko alivyomsifu alipokuwa hai. Nilimlalamikia kibao. Nilimlalamikia yule kijana mwenye tai. Nilisema kwamba nimefundisha maisha yangu yote na watu bado wanaona jina moja wanadhani ni mtu mmoja.

Alinisubiri nimalize. Akaniletea maji katika kikombe cha bati.

"Mwalimu, yananyweka?"

"Yananyweka."

"Basi waache na kibao chao."

Niliyanywa yote, maana nilikuwa na kiu na yalikuwa matamu. Kisha nikamwambia, "Mwanaidi, wewe kazi yako ilikuwa kuchimba, na umeimaliza. Kazi yangu ni majina. Niache niifanye."

Akacheka, akaomba nimpe kikombe. Nami nikarudi shuleni kwa miguu kumtafuta yule kijana.